Malalamiko: mama yangu alirudishwa mapokezi siku ya kusafishwa damu

Dar es Salaam,
18 Machi 2024.

Mkurugenzi Mtendaji,
(Jina la kampuni na hospitali nimelihifadhi.)

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUSITISHWA KWA HUDUMA KWA WENYE KADI ZA BIMA TAREHE 1 MACHI 2024, NA HALI TULIYOIKUTA TULIPORUDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu nilipoajiriwa nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), na mwajiri anaweka 3 nyingine. Kadi hiyo inawabeba mume wangu, wanangu wawili na mama yangu mzazi mwenye miaka 63, ambaye figo zake zilishindwa kazi miaka miwili iliyopita. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa analala kwa muda wa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu katika tawi lenu lililo karibu na kwetu. Kwa miaka miwili hiyo nimewasifia kwa watu. Manesi wenu wa kitengo kile wanajua mshipa wa mama unavyokataa sindano, wanajua anapenda kitanda cha dirishani. Ndiyo maana nimeamua kuandika mwenyewe badala ya kulalamika pembeni.

Ijumaa ya tarehe 1 Machi tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa zamu ya kwanza. Kwenye kioo cha mapokezi tulikuta karatasi imebandikwa: kuanzia siku hiyo hampokei wanachama wa NHIF. Siku mbili kabla, Jumatano, mama alikuwa kitandani kwenu kutwa nzima ya asubuhi na hakuna aliyetuambia neno. Namba yangu ya simu iko juu ya faili lake. Kijana wa mapokezi, ambaye simlaumu, alisema maelekezo yametoka juu na kwamba tukitaka huduma tulipe taslimu shilingi 250,000. Kwa mwezi mgonjwa wa mara tatu kwa wiki anaingia kama mara 13. Hiyo ni 3,250,000. Mshahara wangu mnaujua ulivyo, maana mmesomesha watoto kwa walimu kama mimi.

Naomba msome aya hii polepole, kwa sababu sidhani aliyeandika ile karatasi aliwahi kukaa usiku na mgonjwa wa figo. Mama hapati mkojo. Chai anayokunywa, maji ya kumezea dawa, mchuzi wa ugali, vyote vinabaki mwilini mpaka mashine ivitoe. Potasiamu inapanda kimyakimya, na ikizidi, moyo husimama. Jumamosi mchana miguu yake ilikuwa imejaa hadi magotini, kidole ukibonyeza kinaacha shimo. Alasiri akashindwa kulala chali, akawa anasinzia ameketi, ameegemea kifua changu, anahesabu pumzi. Tulizunguka na bajaji hospitali mbili. Hospitali ya serikali ilitupatia nafasi saa nne usiku, baada ya manesi kufungua zamu ya ziada kwa ajili ya waliofukuzwa huko walikozoea. Alipopimwa alikuwa amezidi kilo 5 juu ya uzito wake wa baada ya kusafishwa. Na mashine zile zilikuwa na wenyewe: mzee mmoja aliyekuwa na zamu yake ya jioni alisogezwa mbele hadi saa saba usiku kutupisha sisi. Nilimwomba radhi. Hakuwa yeye wala mimi wa kuombana radhi.

Sasa, sikatai kwamba mna hoja. Nimeufuatilia mgogoro huu tangu kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo Mfuko unazilipia na bei zake, kilipotangazwa Desemba 2023 kianze Januari, mkapinga, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akaunda kamati, kikasogezwa, hatimaye kikaanza hiyohiyo tarehe 1 Machi. Chama chenu cha vituo binafsi, APHFTA, kimesema bei mpya za baadhi ya huduma haziwezi kuendesha hospitali. Mfuko unasema bei zilikuwa hazijapitiwa tangu 2016 na kwamba zimefuata soko. Mimi naamini kuna mahali hesabu ya Mfuko imekosea. Hospitali ya serikali ikilipwa kiasi fulani kwa huduma moja, mshahara wa daktari na nesi tayari umelipwa na Hazina. Hata hospitali nyingi za mashirika ya dini zina watumishi wanaolipwa na serikali. Ninyi katika kiasi hichohicho mnatoa mshahara, pango, umeme, mafuta ya jenereta na rejesho la mkopo wa benki ulionunulia mashine. Machujio na dawa za kusafishia damu zinatoka nje kwa dola, na sote tunakumbuka dola ilivyoadimika mwaka jana. Kisha madai yakishatumwa hukaa, na yakirudi yana makato kwa sababu ya saini iliyosahaulika kwenye fomu. Haya madaktari wenu wenyewe wamenieleza, na nawaelewa.

Lakini kuwaelewa hakufuti kilichotokea. Mkataba wa bei ni kati yenu na Mfuko. Kati yenu na mama yangu kuna sindano iliyokwisha kuingia mwilini, matibabu yaliyoanza ambayo hayana siku ya kupumzika. Mngeweza kusitisha kupokea wagonjwa wapya. Mngeweza kusitisha vipimo na upasuaji unaoweza kusubiri mwezi. Mlichofanya ni kufunga mlango mmoja kwa wote, mwenye mafua na mwenye figo, ili kelele zetu ziwafikie wakubwa haraka. Mlitufanya sisi kuwa fimbo ya kumpigia mwingine. Hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, na ndilo kubwa.

La pili ni la baada ya kurudi. Wiki iliyofuata mlipofungua tena dirisha la bima tulishukuru, nikanunua hata maandazi nikawapelekea manesi. Haikuchukua siku nyingi tukaona mlango umefunguliwa nusu. Daktari bingwa wa figo aliyekuwa anakuja Jumanne na Alhamisi sasa anakuja Alhamisi peke yake. Nilipomuuliza alisema, kwa upole na bila kumsema mtu, kwamba yeye analipwa kwa idadi ya wagonjwa anaowaona, na sehemu yake kwa kila mwenye bima mmeipunguza baada ya kitita kushuka. Jumanne amechukua kliniki kwingine. Ana watoto wanasoma, siwezi kumwambia aje bure. Siku ya Alhamisi nayo, wenye kadi tunaandikishwa kumi tu kabla ya saa tatu asubuhi, wanaolipa taslimu wanapita muda wote. Sindano ya kuongeza damu, ambayo karibu kila mgonjwa wa mashine anaihitaji kwa kuwa figo iliyokufa haitengenezi kichocheo cha damu, tumeambiwa mara mbili "imeisha, mnunue nje", na duka la dawa lililo ndani ya uzio wenu wenyewe linayo, kwa fedha taslimu.

Haya hayakubandikwa kwenye kioo. Hakuna gazeti litakaloyaandika. Ndiyo yanayonitisha zaidi kuliko ile Ijumaa, kwa sababu mgomo una mwisho, ila kliniki iliyopunguzwa siku inaweza kubaki hivyo miaka. Mwaka jana Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, iliposimamishwa, jirani yangu aliyekuwa akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mwanawe aliambiwa ni suala la muda. Mtoto yule ana selimundu, na bado anatibiwa kwa michango ya kikundi chetu cha akina mama. Na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa. Wenye kadi tutaongezeka. Kama kila bei ikishuka hospitali inajibu kwa kumpunguza daktari, sisi tutabaki na kadi ya kupanga nayo foleni.

Ninachoomba ni hiki. Nipewe maelezo ya maandishi, yenye saini, kwa nini wagonjwa wa kusafishwa damu hawakuarifiwa hata kwa simu moja. Nipewe ahadi kwamba mkisitisha tena, wagonjwa wa mashine, wa saratani walio katikati ya dozi, na wajawazito waliokaribia siku wataendelea hadi watakapokabidhiwa kituo kingine, wakiwa na faili na maelezo ya daktari mkononi. Usiku ule hospitali ya serikali ilimsafisha mama bila kujua historia yake, ikitegemea nilichokumbuka kichwani. Kliniki ya figo ya Jumanne irudi, au mtueleze wazi kwamba haitarudi ili tutafute kwingine mapema. Ile idadi ya kumi iondolewe. Na sindano ikiwa ipo dukani kwenu, tusiambiwe imeisha.

Katika mazungumzo yenu na Mfuko, mkitaka mgonjwa wa kusema bei ya kusafisha damu inatakiwa iweje, niiteni. Nitakuja na daftari langu la miaka miwili: tarehe, uzito alioingia nao, uzito aliotoka nao, siku mashine ilipoharibika, siku dawa ilipokosekana. Nitasema mbele yao yale niliyoyakubali hapo juu, na nitasema mbele yenu haya mengine.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Nikiyakosa nitapeleka malalamiko haya kwa Mganga Mkuu wa Manispaa nikiwa na nakala ya faili la mama. Jumatano tutakuwepo hapo saa kumi na mbili na nusu, zamu ya kwanza, kama kawaida.

Wako,

Mwalimu, mwanachama wa Mfuko, na binti wa mgonjwa wenu wa kitanda cha dirishani.