Shangazi, usilipe umeme wa macho kabla ya chupa ya zambarau

Shikamoo shangazi,

Tumeuona ujumbe wako, na ile picha ya tangazo uliyotumiwa: jicho limezungushiwa miale kama kibao cha hatari kwenye transfoma ya stima. Unauliza kama uuze ng'ombe wawili umlipie mwanao, kijana aliyepoteza uono, vikao kumi vya kutiwa umeme machoni. Tunakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu wazazi wengi Nairobi wana swali hilohilo, na wengine wanalileta wakiwa wameshalipa.

Usilipe bado. Si kwamba umeme wenyewe ni ulaghai. Watafiti makini wameufanyia kazi kwa miaka mingi. Shida ni kwamba mwanao hajajulikana anaumwa nini. Kuambiwa "mshipa wa jicho umekufa", yaani neva inayopeleka picha kwenye ubongo, ni kuelezwa hali, bado hujatajiwa ugonjwa.

Kijana wa umri wake akipoteza katikati ya uono wa jicho moja bila maumivu, kisha jicho la pili likafuata baada ya wiki chache, daktari lazima aufikirie ugonjwa wa Leber, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mshipa huo, ulioelezwa na Theodor Leber wa Ujerumani mwaka 1871. Lakini yako mengine yanayofanana nao. Methanoli iliyomo kwenye pombe haramu hushika macho yote mawili kwa pamoja, ndani ya saa chache au siku mbili tatu. Ethambutoli, mojawapo ya dawa za TB, huja polepole baada ya miezi kadhaa ya matibabu, na mara nyingi rangi huanza kufifia. Kuna upungufu wa vitamini B12, na kuna uvimbe unaobana mshipa. Kwa hiyo muulize kijana, bila ukali, alikunywa nini na ametumia dawa gani. Hayo yana njia zake za kushughulikiwa, na haraka. Akipelekwa kwenye umeme kwanza, ule muda wa kuokoa jicho unakwisha akiwa kwenye kiti cha vikao.

Kipimo cha Leber ni damu tu, mililita chache kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Maabara hutafuta kwanza kasoro tatu kwenye DNA ya mitokondria, yaani visehemu vinavyotengeneza nguvu ndani ya seli: 11778, 3460 na 14484. Hizo tatu ndizo chanzo cha takriban asilimia 90 ya wagonjwa. Uliza mapema sampuli itapimwa wapi na bei imejumlisha nini, maana ikisafirishwa nje gharama hubadilika. Majibu yakirudi, iandike ile namba kwenye daftari. Mwenye 14484 ana nafasi nzuri zaidi ya kurudishiwa uono bila tiba yoyote. Mwenye 11778 nafasi yake ni finyu.

Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Ikiwa ni Leber, wewe uliipata kwa nyanya, na baba yetu vilevile, ila kwake inaishia: sisi watoto wa kaka yako hatukuipokea. Wanao kwa kawaida wanayo wote, wavulana kwa wasichana, ingawa wengi wenye kasoro hii hawapofuki maisha yao yote, hasa wanawake.

Sasa umeme wenyewe. Mshipa wa jicho ni fungu la nyuzi zaidi ya milioni moja, na kila uzi huanzia kwenye seli moja ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Leber huzinyima seli hizo nguvu, na nyuzi nyembamba zinazobeba katikati ya picha ndizo hulemewa kwanza. Umeme haufufui uzi uliokufa. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliokatwa mshipa wa jicho walibakiwa na seli nyingi zaidi wakipewa umeme mdogo kwenye konea (kioo cha mbele ya jicho), kwa sababu retina ilichochewa kutoa kirutubisho cha kuzilinda. Kwa hiyo kinacholengwa ni seli iliyochoka ambayo bado iko hai.

Kikao kinachofanywa sawasawa hakina mbwembwe. Ngozi ya kipaji karibu na jicho inasuguliwa kwa pamba na spiriti, kwa sababu mafuta ya kujipaka huzuia umeme kupita, na hilo ndilo kosa la kila siku: mashine inalalamika, mhudumu anaongeza nguvu badala ya kusafisha ngozi. Kisha hapo kwenye ngozi inabandikwa elektrodi, kibandiko cha kurudishia umeme. Jicho linatiwa machozi ya bandia, na uzi mwembamba uliopakwa fedha unalazwa juu ya ukingo wa kope la chini uguse konea. Umeme huanza chini kabisa na kupandishwa kidogo kidogo mpaka mgonjwa, akiwa gizani, aone vimulimuli pembeni. Hicho ndicho kizingiti chake, na kila jicho lina chake. Mpango uliozoeleka kwa ugonjwa wa retina uitwao retinitisi pigmentosa ni mapigo 20 kwa sekunde kwa dakika 30, mara moja kwa wiki, nguvu ikiwa juu ya kizingiti na isizidi miliampea 1 (miliampea ni kipimo cha mkondo wa umeme). Kila pigo lina nusu mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Umeme ukienda upande mmoja tu, kemikali hujikusanya kwenye uzi na kuunguza konea. Madhara ya kawaida ni jicho kukauka na kuhisi mchanga kwa siku moja hivi. Mwenye kifafa, au kifaa cha umeme moyoni au kichwani, hafai kuingizwa.

Ndiyo maana tunakusihi usijaribu ile mashine ya kukandia misuli inayouzwa madukani mjini. Hiyo hufikisha makumi ya miliampea, na maelekezo yake yenyewe hukataza kuiweka machoni.

Ushahidi upo, ila haujafika anapopafikisha mwenye tangazo. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2016 lilikuwa na watu 82 wenye mishipa ya macho iliyoharibika kwa sababu mbalimbali. Baada ya siku 10 za umeme, eneo la uono lilipanuka kwa wastani wa asilimia 24, dhidi ya 2.5 kwa waliopewa umeme wa kuigiza. Hiyo ni habari njema kwa hao, lakini haikuwa tiba ya Leber. Kwa Leber yenyewe, watafiti wa Japani waliripoti mwaka 2020 kundi dogo lenye 11778, waliopewa umeme kupitia ngozi mara sita, kila baada ya wiki mbili. Nafuu ilikuwa ndogo na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hapo ndipo watu hudanganyika: wapo wanaopona wenyewe, na wapo wanaojifunza kutazama kwa pembeni wakasoma herufi zaidi ukutani, ilhali mshipa uko vilevile.

Mwenye kliniki muulize mambo matatu: kifaa kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Anatumia miliampea ngapi? Na akisema ni utafiti, kibali cha kamati ya maadili kiko wapi? Utafiti wa kweli hauuzi vikao.

Akithibitika kuwa ni Leber na ni mapema, zungumza na daktari wa neva za macho kuhusu dawa ya idebenoni, iliyoidhinishwa Ulaya kwa Leber mwaka 2015: miligramu 900 kwa siku, zikigawanywa mara tatu, pamoja na chakula. Mkojo unaweza kugeuka mwekundu-kahawia, msishtuke. Vidonge vya mitandaoni vyenye jina hilo si lazima viwe dawa hiyo.

Wakati huohuo mtu amsajili mwanao kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na awashe sauti ya kusoma skrini kwenye simu yake. Na hao dada na kaka zake wasivute sigara, wasinywe kupindukia. Siku yoyote mmoja wao akiandikiwa dawa za TB, amwambie daktari habari za ukoo huu kabla hajameza ethambutoli ya kwanza.

Wako,
watoto wa kaka yako