Punda wa Njoro apunguziwe mzigo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee punda wa huku Njoro.

Nilipokuwa mwalimu wa jiografia, mnyama niliyependa kuwaeleza watoto kuliko wote ni lama. Ni jamaa ya ngamia asiye na nundu, na kwao ni milima ya Andes, hasa Peru na Bolivia, kwenye nyanda za mita 3,500 na zaidi juu ya bahari. Miti huko ni haba, kwa hivyo kinyesi chake kikikauka huwa kuni. Manyoya yake husokotwa kamba na kufumwa magunia, nyama huanikwa. Wainka, watu wa kale wa Andes, walitawala dola kubwa bila farasi wala gari la magurudumu, mizigo ikibebwa na watu na lama.

Linalonigusa zaidi ni namna anavyopakiwa. Dume mzima ana kilo 130 au zaidi, lakini hubebeshwa kilo 25 hadi 30 tu. Hivyo ndivyo wafugaji wa Bolivia walivyosafirisha chumvi ya Uyuni, uwanda wa chumvi wa huko, hadi mabondeni kuibadilisha kwa mahindi: lama wengi, kila mmoja na mzigo wake mdogo. Ukimzidishia hulala chini akakataa kuinuka, na anayemsumbua hutemewa mate.

Punda wetu haachi kuvuta. Simama asubuhi penye kisima umwone mmoja, peke yake, na mkokoteni uliojaa mitungi ya lita 20. Mitungi 20 ni kilo 400 za maji, bado hujahesabu mkokoteni wala kijana aliyeketi juu na kiboko. Njia ni ya kupanda. Mvua ikinyesha ni tope tupu. Kidonda cha shingoni hakiponi, maana kamba ya nailoni hurudi palepale kila siku.

Vijana hawa siwachukii. Maji yao ndiyo tunayopikia, na karo za wadogo zao hutoka hapo. Lakini Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumzidishia mnyama mzigo. Naiomba kaunti iweke kiwango cha mitungi kwa punda mmoja, kiandikwe kwenye kila kisima, na daktari wa mifugo apite siku za soko. Nanyi wenye mikokoteni, wekeni gunia laini chini ya kamba hiyo, na mkifika kilimani mshuke.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru