Ukipata jibu, rudi useme: barua ya wazi kwa vijana wa programu wa Tanga

Wanangu wa meza ya Jumamosi,

Marahaba nyote. Mlinialika nikae nanyi kama mzee wa baraza, nami nimekaa Jumamosi nne mfululizo pale Chumbageni, nikanywa kahawa yenu, nikala kashata zenu, na sikusema kitu. Msidhani ilikuwa hekima. Nilikuwa bado nasikiliza lugha. Mie nilianza na dBase, programu ya zamani ya kutunzia kumbukumbu, kazi ya mwezi mzima unaibeba kwenye diski laini ndani ya bahasha, kwa hiyo mengi mnayoyataja nayaona kwa mbali. Tabia za mafundi lakini nazijua, na iko moja nataka niiseme hadharani kwa sababu inatuhusu wote.

Jumamosi ya pili, binti anayekaa karibu na dirisha aliuliza kwa nini ripoti yake ya siku inayapeleka mauzo ya usiku kwenye tarehe ya jana. Mmoja wenu akacheka: "Hilo nalo limekushinda?" Meza nzima ikafuata. Kisha yule kijana mnayemtegemea, mwenye mikono myepesi, akaivuta kompyuta ya binti, akabonyezabonyeza dakika tatu, akairudisha. "Tayari." Binti akashukuru. Tangu siku ile sijamwona. Jumamosi ya nne, mwenzenu anayetengeneza programu ya duka la dawa akaja na swali lilelile, na kijana wetu akavuta kompyuta nyingine.

Swali lile nalifahamu kwa ukoo wake. Lilinila wiki tatu.

Ilikuwa miaka michache baada ya mkongo wa intaneti wa baharini kufika nchini mwaka 2009. Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa na mizani ya malori ya mkonge, nami ndiye niliyeandika programu yake. Tukahamishia hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zetu, kwenye seva, kompyuta ya kutunzia iliyoko ng'ambo, na kuanzia hapo jumla ya siku ya kompyuta ikawa hailingani na daftari la karani wa zamu ya usiku. Leo zinazidi tani, kesho zinapungua. Bosi akaanza kumtazama karani kwa jicho la wizi.

Seva ilikuwa inahesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Lori lililopimwa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, seva iliandika saa nne usiku, Jumatatu. Kila kilichopita mizanini kati ya saa sita na saa tisa usiku kiliangukia jana yake. Lakini hata nilipolijua hilo hesabu haikukaa sawa, kwa sababu karani naye alikuwa mtu wa pwani wa zamani: kwake siku huanza jua likitua. Lori la saa mbili usiku wa Jumatatu, yeye alikwisha kuliandika Jumanne. Kila mmoja yuko sahihi kwa kalenda yake, na mimi katikati nahesabu mkonge usiopotea.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili: acha hifadhi iwe kwa UTC, geuza saa iwe ya Dar es Salaam kwanza, ndipo ukate siku. Sikuigundua mwenyewe. Nilielekezwa kwa simu na fundi mmoja wa Mombasa aliyewahi kuumwa na nyoka huyohuyo. Nami nikafanyaje? Nikarekebisha, nikanyamaza. Sikumrudia yule wa Mombasa kumwambia kwamba kwangu tatizo lilikuwa na mguu wa pili, ule wa karani. Sikuandika popote. Nilipenda ofisini wanione mchawi.

Mwaka uliofuata nililazwa. Kijana mgeni akaiandika upya ripoti ile, asiijue habari ya saa, ugonjwa ukarudi. Karani akasimamishwa kazi kwa upotevu ambao haukuwepo. Nilipopata nafuu nilieleza, wakamrudisha, ila mishahara ya miezi miwili hakulipwa. Mpaka anahama mji, salamu zake kwangu zilikuwa fupi.

Wazee husema mficha uchi hazai, na sisi hupenda kumwambia hivyo anayeona haya kuuliza. Mie namwambia aliyekwisha kujibiwa. Ukipata jibu ukaondoka nalo, umeificha njia uliyopitia, na atakayekuja nyuma yako ataanza upya na kuchekwa upya.

Na chombo mnacho. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, aliitengeneza Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kazi, mwaka 2005 ili mafundi wa Linux, waliotawanyika duniani na wengine hawajawahi kuonana, wapokezane kazi. Kila badiliko lina nafasi ya maelezo. Nimechungulia ya kwenu: "marekebisho", "marekebisho 2", "ya mwisho", "ya mwisho kabisa". Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuniangalia. Andikeni kwa nini. Kilichobadilika mashine yenyewe inakionyesha.

Pale mezani pawe na daftari, la karatasi, msinibishie. Anayesaidiwa ndiye aandike: tatizo lilionekanaje, alidhani nini mwanzo, likaja kuwa nini. Hilo la katikati msiliruke, maana mwenye shida kesho atakuwa anadhani hivyohivyo, na atalitambua tatizo lake kwenye kosa lako kabla ya kulitambua kwenye jibu lako. Majina ya wateja, namba zao za simu na nywila visiingie humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na hata isingekuwepo, ni aibu.

Kwako mwenye mikono myepesi: usinikasirikie, mwanangu. Nakupenda kwa sababu wewe ndiye mimi. Lakini kompyuta ya mtu iache mbele ya mwenyewe. Wewe sema, yeye abonyeze. Itachukua nusu saa badala ya dakika tatu na utaona mwili unakuwasha. Vumilia. Siku utakapolazwa wewe, meza hii itamuuliza nani?

Anayefahamu anakoishi binti wa dirishani ampelekee habari. Jumamosi hii swali lake ndilo la kwanza, na aambiwe kwamba mzee atakayekaa naye lilimchukua wiki tatu.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga