Vijana wa mwaloni nao wahesabiwe

Mhariri,

Mimi ni muanika dagaa, mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kwa mara ya kwanza, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tulihesabu hasara ya dagaa na migebuka. Vijana wa mitumbwi hakuna aliyewahesabu.

Mtoto wa dada yangu alishinda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anafumua wavu mzima na kuushona upya. Ugali anamega, anauacha. Majirani wakasema karogwa; wengine, bangi. Nami nilimwambia, "Jikaze, wewe mwanaume." Neno hilo linaniuma mpaka leo. Usiku mmoja akanijibu, "Mama mdogo, silali. Ziwa limenyamaza, mimi nasikia injini." Zahanati ikampa panado.

Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, iko Dodoma, na wengi wetu tunaijua kwa matusi tu. Siombi hospitali. Naomba afisa ustawi wa jamii aje mwaloni walau mara moja kwa wiki, saa nne asubuhi, vijana wakisubiri kulipwa. Asiite majina kwa sauti. Mkeka nitatoa mimi.

Muanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma