Malalamiko Kuhusu Kichujio cha Barua Taka Kinachoficha na Kupoteza Barua Halali

Mkurugenzi,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KICHUJIO CHA BARUA TAKA KATIKA AKAUNTI YA KULIPIA

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mfasiri wa nyaraka za kisheria na kibiashara, na ni mteja wenu wa kifurushi cha kulipia, ninayetumia kikoa changu mwenyewe, yaani jina langu binafsi baada ya alama ya @ kwenye anwani. Naandika kulalamikia kichujio chenu, ambacho huamua kwa niaba yangu ni barua zipi nisizione, huamua kwa siri, na kinapokosea hakiachi alama yoyote ambayo mimi au mtumaji tungeweza kuifuata ili kosa lirekebishwe.

Sisemi kwamba kazi yenu ni nyepesi. SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe hadi leo, ilichapishwa mwaka 1982 bila njia ya kuthibitisha kwamba anayejitaja kuwa mtumaji ndiye kweli, na matangazo yasiyoombwa yalikuwa yameshaanza hata kabla yake: tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, aliyekuwa akifanya kazi ya masoko katika kampuni ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, akaambulia lawama. Hayo nayafahamu, na ni kwa sababu hiyo nimekubali kulipia huduma badala ya kupambana na uchafu huo peke yangu. Ila mtu anayelipia ulinzi wa mlango hategemei mlinzi awafukuze wageni wake bila hata kumwambia kwamba walibisha hodi.

Naomba nianze na barua moja ambayo ushahidi wake nimeuambatisha. Ofisi moja ya uwakili iliniandikia kunipa kazi ya kutafsiri mkataba. Ilikuwa barua fupi ya mistari mitatu, yenye kiambatisho kimoja cha PDF, iliyoandikwa kwa lugha safi na kuniomba nijibu kabla ya Ijumaa. Niliikuta kwenye folda ya taka Ijumaa yenyewe ikiwa imeshapita, juu yake kukiwa na utepe mwekundu unaosema kwamba barua hii inafanana na nyingine zilizowahi kutambuliwa kuwa hatari. Kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na simlaumu aliyempa. Nilipofungua vichwa kamili vya barua ile, yaani taarifa za kiufundi za safari yake ambazo kwa kawaida hufichwa, nilikuta mstari wa matokeo ya uthibitisho ulioandikwa na seva yenu wenyewe: SPF imefaulu, DKIM imefaulu, DMARC imefaulu. Kwa maneno mengine, seva iliyoituma ilikuwa imeruhusiwa na kikoa cha ofisi ile, saini ya kidijitali ilikuwa halali, na kikoa kilichoonekana kwenye anwani ya mtumaji kililingana na kile kilichothibitishwa. Ni nini basi kilichoifanya ionekane hatari? Hakuna mahali popote palipoeleza.

Wiki hiyo hiyo kikasha changu kikuu kilipokea barua yenye jina la mtumaji "Huduma kwa Wateja", ikidai kwamba akaunti yangu ingefungwa ndani ya saa 24 nisipothibitisha nywila yangu kupitia kiungo kilichowekwa. Anwani halisi iliyojificha nyuma ya jina hilo ilikuwa msururu wa herufi na tarakimu usio na maana, na anwani ya kujibu ilikuwa ya kikoa kingine kabisa. Hii nayo ilikuwa imefaulu SPF, DKIM na DMARC, jambo ambalo halinishangazi hata kidogo, kwa kuwa tapeli yeyote anaweza kununua kikoa chake na kukiwekea rekodi zote tatu barabara. Uthibitisho huo hueleza barua imetoka kwenye kikoa gani. Hausemi chochote kuhusu uaminifu wa mwenye kikoa. Kazi ya kutambua utapeli ndiyo hasa mnayolipwa kuifanya baada ya hatua hiyo, na hapo kichujio kilimpitisha tapeli na kumzuia wakili.

Niliyajaribu yote yaliyoandikwa kwenye kurasa zenu za msaada. Nilibonyeza "Si taka" kwenye barua ya ofisi ile, nikaingiza kikoa chao kwenye orodha ya watumaji ninaowaamini, kisha nikatengeneza kanuni ya kuelekeza kwamba chochote kinachotoka kwao kiingie moja kwa moja kikashani. Barua yao iliyofuata ilikwenda kwenye taka. Iwapo uamuzi wa kichujio unaweza kuipiku orodha niliyoiandika kwa mkono wangu, sielewi orodha hiyo iliwekwa kwa madhumuni gani, na ingekuwa ni uungwana kuiondoa kuliko kuiacha impe mteja matumaini ya bure.

Majibu ya wahudumu wenu yaliongeza machungu. Wa kwanza alinishauri nifute kashe ya kivinjari, ilhali kichujio hufanya kazi kwenye seva zenu kabla kivinjari changu hakijajua kwamba kuna barua. Wa pili aliniandikia kwamba tatizo liko upande wa mtumaji, ambaye eti hajaweka rekodi ya SPF; hakuwa amefungua vichwa nilivyomtumia, ambamo seva yenu imeandika kinyume chake. Wa tatu alifunga tiketi na kuipa hadhi ya "limetatuliwa".

Kubwa kuliko yote ni lifuatalo, na ningependa lisomwe na mhandisi wa seva za barua, si na mhudumu peke yake. Mteja wangu wa muda mrefu alinipigia simu kuuliza kwa nini nimenyamaza. Barua yake haikuwamo kikashani, haikuwamo kwenye folda ya taka, na kwake haikurudishwa na taarifa yoyote ya kushindikana. Fundi wake alinitumia nakala ya kumbukumbu za seva yao, na ndani yake seva yenu inaonekana wazi ikijibu kwa msimbo 250, ambao katika SMTP maana yake ni kwamba barua imepokelewa. RFC 5321 ya mwaka 2008, waraka wa viwango vya intaneti ulio msingi wa SMTP ya sasa, inasema kwamba seva ikishatoa jibu hilo imebeba dhamana ya kuifikisha barua au kutoa taarifa kwamba imeshindwa. Waraka huo huo unakiri kwamba wimbi la barua za ulaghai limefanya urudishaji wa kila barua uwe na madhara yake, kwa sababu taarifa huishia kwa watu ambao anwani zao zimeghushiwa; hata hivyo unaagiza kwamba utupaji wa kimyakimya ufikiriwe pale tu ambapo kuna uhakika mkubwa sana kwamba barua ni ya kilaghai au haifai kabisa. Barua iliyopotea ilikuwa ankara na kurasa mbili za masahihisho, kutoka kwa mtu ambaye tumekuwa tukiandikiana kupitia seva hizo hizo kwa muda mrefu. Uhakika huo mkubwa mliutoa wapi?

Kama mliishuku, mlikuwa na nafasi ya kuikataa pale pale mlangoni kwa msimbo wa 550 wakati mazungumzo ya seva mbili yakiendelea. Hapo seva ya mtumaji ingemwarifu mwenyewe kwamba barua yake imekataliwa, naye angenipigia simu siku ile ile. Mngeweza pia kuiweka kwenye taka, ambako angalau ningeikuta siku ya kupekua. Njia mliyoichagua ndiyo pekee inayowaacha watu wawili wakidhaniana ubaya: yeye akiamini nimempuuza, mimi nikiamini hajaandika.

Ninachotaka kielezwe kwa wanaopanga mizani ya kichujio ni kwamba makosa yake mawili hayana uzito sawa. Barua taka ikipenya kikashani, naifuta kwa sekunde moja na maisha yanaendelea. Barua halali ikizuiwa, sijui kwamba imezuiwa, na kosa nisilolijua siwezi kulirekebisha. Hili si wazo jipya. Mwanaprogramu Paul Graham alipoeleza mwaka 2002 namna ya kuchuja barua kwa takwimu za maneno yaliyomo, aliyahesabu maradufu maneno yanayotokea kwenye barua halali, makusudi kabisa, ili mizani iegemee upande wa kutozuia kisichostahili kuzuiwa. SpamAssassin, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, huipa kila barua alama, huweza kuandika ndani ya vichwa ni kanuni zipi zilizoguswa na kila moja imeongeza alama ngapi, na humwachia msimamizi abadilishe kiwango cha kuhukumu, ambacho kwa kawaida ni alama 5. Inakuwaje huduma ya kulipia inipe maelezo machache kuliko programu ya bure?

Hapa naomba niseme jambo la pembeni kidogo: matangazo ya kampuni yenu yenyewe, yanayonihimiza ninunue kifurushi kikubwa zaidi, hayajawahi hata mara moja kuangukia kwenye taka, ingawa nimeyapeleka huko kwa mkono mara nyingi, na kiungo cha kujiondoa kilicho chini yake kinanitaka niingie kwanza kwenye akaunti. Utaratibu wa kujiondoa kwa mbofyo mmoja umekuwapo kama kiwango tangu mwaka 2017, katika RFC 8058.

Kwa hiyo naomba, kwanza kabisa, mhandisi aitafute barua iliyopokelewa kwa msimbo 250 na kutoweka, anieleze kwa maandishi imekwenda wapi, na kama imefutwa, ni kanuni gani iliyoifuta. Kumbukumbu nilizoambatisha zina muda kamili na kitambulisho cha barua, kwa hiyo kazi hiyo haihitaji kubahatisha. Naomba pia utupaji wa kimyakimya uzimwe kwenye kikoa changu, ili kinachokataliwa kikataliwe mlangoni na kinachoshukiwa kiwekwe kwenye taka. Na folda hiyo isijisafishe kila baada ya siku 30 bila hiari yangu, kwa sababu kuna nyakati ambapo kazi hunibana nikakosa nafasi ya kuipekua. Orodha yangu ya watumaji ninaowaamini iheshimiwe, isipokuwa pale barua inapokuwa na kirusi au inapofeli uthibitisho wa kikoa, na hata hapo niarifiwe. Sehemu kubwa ya kazi zangu hutoka kwa watu ambao hatujawahi kuandikiana, kwa hiyo mkijibu kwamba niwaongeze wote kwenye anwani zangu kwanza, mtakuwa hamjanijibu.

Iwapo hadi mwisho wa mwezi huu sitakuwa nimepata maelezo kuhusu barua iliyopotea, nitabadilisha rekodi za MX za kikoa changu, zinazoelekeza barua zangu ziende kwenye seva gani, na kuhamia kwa mtoa huduma mwingine, na nitadai nirudishiwe sehemu ya ada ya mwaka ambayo sitakuwa nimeitumia.

Nimeambatisha vichwa kamili vya barua ya ofisi ya uwakili na vya barua ya utapeli, kumbukumbu za seva ya mteja wangu baada ya kuondolewa taarifa zake binafsi, pamoja na namba za tiketi tatu zilizofungwa. Naomba jibu litumwe kwenye anwani ya pili niliyoijaza katika fomu ya akaunti, au kwa simu, kwa kuwa siwezi kuwa na hakika kwamba jibu litakalotumwa kwenye anwani hii litanifikia.

Wako mwaminifu,

Mteja wa kifurushi cha kulipia