Barua toka Berlin: mwanga unapitia kwenye nini?

Mama shikamoo, babu shikamoo, na wote hapo nyumbani Lindi nawasalimu sana. Mimi mzima, kazi zinaenda, baridi imeisha na sa hivi jua linazama saa tatu na nusu usiku, yaani watu wanakula chakula cha usiku kweupe. Hela ya ada nimeshatuma, mama angalia kwenye simu. Yaliyobaki humu ni ya mdogo wangu wa form four, ila asome kwa sauti wote msikie maana ameuliza swali zuri sana.

Mdogo wangu, umeniuliza kama sauti haipiti pasipo na hewa, na huko juu kati yetu na jua hakuna hewa, basi mwanga unapitia kwenye nini. Nkwambie ukweli, swali hilo hilo ndo liliwasumbua wakubwa wa fizikia karne nzima ya 1800. Walishajua mwanga ni mawimbi, na wimbi la bahari linataka maji, sauti inataka hewa, kwahiyo wakasema lazima anga lote limejaa kitu kisichoonekana, wakakiita etha. Wala hayakuwa mawazo ya kijinga, wewe mwenyewe umeyafikia umekaa barazani. Sasa kama etha ipo, na dunia inakimbia ndani yake kilomita 30 kila sekunde kulizunguka jua, mwanga unaoelekea dunia inakoelekea na ule unaokatisha lazima watofautiane mwendo hata kidogo. Mmarekani Albert Michelson akatengeneza chombo cha kupima hiyo tofauti, anaugawa mwanga mara mbili kwa kioo, anautuma njia mbili, unarudi unakutana, halafu anaangalia ile mistari ya giza na mwanga inayotokea kama imesogea. Alianzia hapa hapa Berlin lakini magari ya farasi yakipita barabarani mistari yote inavurugika, ikabidi mwaka 1881 akihamishie Potsdam, chini kabisa ya jengo la wataalamu wa nyota. Nimeenda huko kwa treni, jengo bado lipo juu ya kilima katikati ya miti, nikasimama pale muda mrefu nawaza tu. Mistari haikusogea kama walivotegemea. Mwaka 1887 akarudia na Edward Morley kule Cleveland, Marekani, safari hii chombo kimewekwa juu ya jiwe linaloelea kwenye zebaki kisitikisike, bado hola. Kwangu mimi hilo ni moja ya majibu makubwa kuliko yote yaliyowahi kupatikana, mtu katafuta kwa makini kiasi hicho na kakuta hakuna.

Sasa unapitia kwenye nini? Hapa ndo patamu. James Clerk Maxwell alishaonyesha kwenye hesabu zake mwaka 1865 kwamba umeme ukibadilika unazaa sumaku, na sumaku ikibadilika inazaa umeme, basi huyu anamzaa yule, yule anamzaa huyu, vinasonga mbele pamoja hivo hivo bila kushikilia kitu chochote. Ndo mwanga huo. Unajibeba wenyewe. Tena kwenye utupu ndo unakwenda kasi kuliko kokote, kilomita 299,792 kwa sekunde, ukiingia kwenye maji au kioo unapungua. Kwahiyo ule utupu uliokuwa unautilia shaka ndo njia yake nzuri kuliko zote. Toka usoni mwa jua mpaka kwenye uwanja wetu hapo ni dakika 8 na sekunde 20 hivi, lakini nguvu hiyo hiyo ilivokuwa ndani kabisa ya jua ilihangaika maelfu mengi ya miaka kutoka nje, kwa sababu kule ndani kumejaa vitu, kila hatua inagonga inamezwa inatolewa tena upande mwingine.

Halafu kuna fotoni. Mwezi wa 12 mwaka 1900 Max Planck alisimama mbele ya wanafizikia hapa Berlin akasema nguvu ya mwanga inatolewa kwa vipande vipande, na mwaka 1905 Einstein akaenda mbele zaidi, akasema mwanga wenyewe unasafiri kwa vipande hivo. Kipande kimoja ndo fotoni. Haina uzito wowote. Angalia ile sola ya babu juu ya bati, pale fotoni moja inaingia, inampa elektroni mmoja nguvu yake yote, elektroni anachomoka, na wakichomoka wengi ndo taa ya sebuleni inawaka. Nguvu ya kila fotoni inategemea rangi, ya bluu inabeba zaidi ya nyekundu. Na usiniulize sasa mwanga ni wimbi au ni vipande, unasafiri kama wimbi na unafika kama kipande, vyote viwili vimepimwa na vyote ni kweli.

Babu anakumbuka karabai za wavuvi wa dagaa, ukiwa ufukweni unaziona mbali zimekuwa vidoti. Sio kwamba mwanga umechoka njiani, umetawanyika pande zote, kwahiyo fotoni zinazoingia jichoni kwako ni chache, ila kila iliyofika imefika nzima. Nyota nazo hivo hivo.

Hapa Berlin kuna makumbusho yenye mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, wa huko kwetu Lindi, kasimama urefu wa mita 13 na zaidi, wazee wetu ndo waliichimba kuanzia 1909 na kuibeba vichwani mpaka bandarini, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Mjusi yule aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Na yapo magalaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota, ambayo mwanga wake unaofika leo ulianza safari wakati mjusi yule anakula majani Tendaguru, ukaja moja kwa moja kwenye utupu muda wote huo, mawimbi yake yakavutwa kidogo tu kwa sababu anga lenyewe linapanuka.

Hiki kitu nakuonea wivu, maana Berlin tuko kaskazini mno hakionekani kabisa. Mwezi huu wa sita, usiku ukiingia angalia kusini utaona Msalaba wa Kusini, na pembeni yake nyota mbili kali zimekaribiana. Iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alfa Sentauri, mwanga wake umetumia miaka minne na kitu, yaani uliondoka uko darasa la saba. Jirani yake ni Beta Sentauri, wa kwake umetumia karibu miaka 400, uliondoka Wareno bado wameikalia Mombasa. Zinaingia jichoni kwako dakika moja. Zitazame vizuri mpaka uone rangi zake, moja inavuta unjano na nyingine bluu, halafu niandikie ipi ni ipi na fotoni za ipi zina nguvu zaidi.

Ni mimi dada yako,
Berlin