Kusi Moja, Bahari Mbili

Nairobi,
19 Julai.

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Barua yako niliipata Jumanne, imelowa kona moja, maana mwezi huu Nairobi jua la kuanika hata soksi halipo. Mbingu imefunika kama mfuniko wa sufuria, manyunyu hayaishi, na watu wanashinda na masweta mpaka adhuhuri. Nakuandikia nimekaa karibu na jiko la makaa, mlango nimeuacha wazi nusu. Na ujue baridi hii inatoka kwenu. Kusi, upepo wa kutoka kusini uliokupandishia mashua ufukweni, ndio huo unaopanda huku bara na unyevu wake, ukafika kwenye miinuko, mawingu yakarundikana juu ya vichwa vyetu na kukataa kuondoka.

Umeniuliza bei ya nguru. Juzi nilipita City Market. Muuzaji aliponitajia bei nikamwuliza kama samaki huyo alikuja na ndege, tena amekaa dirishani. Akanijibu bila kuinua macho: "Mwalimu, ni kusi hiyo. Ngoja kaskazi." Sidhani kijana yule amewahi kutia mguu baharini, lakini kusi anaijua kwa bei, na kaskazi, ule upepo wa kaskazini wa kina Januari, anaungoja.

Sasa hiyo kusi imenitia aibu, na ndiyo sababu ya barua yote hii.

Nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu mikondo ya bahari. Nikasema, kwa ile sauti yangu unayoijua, kwamba kusi ikivuma pwani ya Afrika Mashariki maji baridi ya chini hupanda juu, na samaki hujaa. Mle darasani yumo msichana wa Faza, huko huko kwenu Lamu, anayekaa kwa shangazi yake Eastleigh, mtoto wa kimya. Siku hiyo akanyosha mkono. "Mwalimu, kwetu kusi hatuvui. Baba hukaa akashona nyavu." Darasa zima likanigeukia mimi. Nikamwambia nitamjibu Alhamisi.

Usiku nikamkumbuka marehemu babu yako. Wakumbuka akitusimulia barazani safari za jahazi, wakienda Arabuni na demani, kusi inapolegea? Alisema wakifika Ras Hafun, kule Somalia, ukitia mkono majini unauma kwa baridi, na samaki wamejaa kama wali kwenye sinia. Sisi tukikonyezana kuwa mzee anatia chumvi. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, Mungu anisamehe, kwa sababu mzee hakuongeza hata punje. Miezi ya kusi, bahari ya huko hushuka chini ya digrii 20, wakati maji yetu ya kawaida ni 26 au 28. Basi upepo ni mmoja, mbona Ras Hafun wanashiba na Faza wanashona nyavu?

Anza na kikombe cha chai ya maziwa. Ikipoa inafanya utando. Puliza: utando unakimbilia ukingo wa pili, na pale ulipotoka inajitokeza chai ya chini. Bahari hufanya vivyo hivyo. Upepo ukiyasukuma maji ya juu yaache pwani, pengo halibaki. Maji ya chini hupanda kulijaza, polepole mno, mita chache tu kwa siku. Maji hayo ni baridi, na yamebeba mbolea, yaani mabaki ya kila kilichokufa na kuzama miaka nenda miaka rudi. Yakifika kwenye mwanga wa jua, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huchipuka kwa mamilioni, dagaa wakaila, na jodari akamfuata dagaa.

Lakini chai haikufikishi mbali, kwa kuwa kikombe hakizunguki na dunia inazunguka. Yupo mtu wa Norway, Fridtjof Nansen, aliyeiacha meli yake Fram ishikwe na barafu ya kaskazini ya dunia makusudi, toka 1893 hadi 1896. Akaona barafu haielei kule upepo unakoelekea, inakwenda upande, mkono wa kulia wa upepo. Msweden mmoja, Ekman, akalifanyia hesabu jambo hilo na kulichapisha 1905. Tabaka la juu la maji huvutwa na upepo na kupinda kidogo. Linalivuta la chini yake, nalo linapinda zaidi na kwenda taratibu zaidi, hivyo hivyo kushuka chini. Ukijumlisha yote, maji hayaendi na upepo. Yanaukata kama msalaba. Kaskazini ya Ikweta yanakwenda kuliani kwake. Kusini ya Ikweta, kushotoni.

Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini. Ikweta inapita juu kidogo tu ya Kismayu!

Fanya hivi, hapo hapo ufukweni. Chora mchangani pwani yote, toka Ras Hafun mpaka Lamu, jinsi inavyolala mshazari. Ipe kusi mgongo wako. Ukiwa Somalia, mkono wa kulia unaangalia bahari kuu: maji yanatoka nje, ya chini yanapanda, samaki tele. Ukiwa Lamu unahesabu mkono wa kushoto, na kushoto kwako ni nchi kavu. Maji yanasukumwa kwako, yanarundikana, yanazama. Mlango umefungwa. Sasa geuka, ipe kaskazi mgongo. Kushoto kwako sasa ni bahari, na kwa Msomali kulia kwake ni bara. Mmegawiwa zamu! Mimi nilifanya mazoezi haya jikoni, nageuka huku na huku nimenyosha mikono, mpaka mke wangu akaniuliza lini nimejiunga na lelemama.

Usiende kuwaambia wenzako wote maneno haya kama yalivyo, lakini. Nguvu hii ya kupindisha maji hufifia karibu na Ikweta, na Lamu mko digrii mbili na kidogo tu kutoka hapo. Kaskazi peke yake isingewafaa sana. Inasaidiwa na mikondo: miezi hiyo mkondo wa Somalia hugeuka ukateremka kusini, ukakutana na mkondo wetu unaopanda kutoka Tanzania, yote miwili ikageuka kuelekea bahari kuu. Inapoachana na pwani, maji ya chini hupata nafasi ya kupanda, hasa kwenye zile kina fupi zilizo mbali nje ya Ghuba ya Ungwana. Nanyi huko ndiko mnakokimbilia jodari kila Januari, wala hamkumwuliza Ekman.

Na kusi ya Somalia nayo si upepo wa mchezo. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa, Findlater, alieleza mto wa upepo unaopita juu ya mashariki ya Kenya miezi hii, kama kilomita moja hadi moja na nusu angani, ukavuka Ikweta na kuinamia pwani ya Somalia kwa kasi. Ndio unaozichuna bahari zile.

Najua utakalonijibu: "Mbona na kwetu maji ya kusi ni baridi?" Ni kweli, lakini hiyo ni baridi ya juu. Upepo unayakoroga maji na kuyakausha, na jua lenyewe limefunikwa. Kupoa si kupanda. Kinyume chake pia kipo: kupanda bila kupoa. Peru wana upepo wa kusini unaofanya kazi ile ile, na mwaka 1970 walivua dagaa wao wa anchoveta zaidi ya tani milioni 12. Ikaja El Niño ya 1972, tabaka la maji moto likawa nene mno. Upepo ukichota, unachota maji moto matupu, kama kata isiyofika chini ya mtungi. Kwa El Niño hiyo, na kwa uvuvi uliopita kiasi, 1973 walipata kama tani milioni 2 tu.

Alhamisi nikamjibu yule msichana, nikamwita mbele achore pwani yeye mwenyewe. Akaichora vizuri kuliko kitabu, na visiwa vyote, hata Ndau.

Sasa nina ombi. Nimempa dereva wa basi kifurushi: chupa ya thamosi ya chuma na kipimajoto. Thamosi nimeifunga risasi za nyavu chini, na kizibo kina kamba yake. Ukitoka, ijaze maji ya bahari uizibe, ishushe pima ishirini, kama mita 36, vuta kamba kizibo kitoke, iache robo saa, kisha ivute upesi na upime papo hapo. Pima na maji ya juu pia. Anza sasa ukipata siku ya utulivu, halafu Januari mahali pale pale. Mwambie binti yako aandike kwenye daftari, mwandiko wako mimi siuwezi. Nataka nione kaskazi ikishika kama baridi ya chini imewasogelea.

Kipimajoto ni cha kioo, nimekizungushia fulana yangu ya zamani. Fulana usinirudishie. Nisalimie mama, umwambie achari ya embe imekwisha.

Wasalaam,
Sahibu yako,
Salimu